Bakuli Moja Mchana wa Ramadhani

Binti wa jirani yangu ameambiwa ana kifua kikuu. Juzi nilimwona ameketi nyuma ya nyumba yao na kikombe chake peke yake, leso mdomoni, anatazama chini. Hakuna aliyemfukuza. Amejitenga mwenyewe kabla ya kutengwa. Nilitaka kuingia nimwambie neno, nikakosa pa kuanzia, nikarudi kwangu na kukaa kuandika haya. Mimi niliugua maradhi hayo hayo nikiwa na miaka kumi na tisa, miaka michache kabla ya Mapinduzi, nikapona. Lakini siwezi kueleza nilivyopona bila ya kueleza habari za babu yangu, na habari zake nimechelewa mno kuzieleza.

Jina lake Faki. Watu wakimwita Maalim Faki. Alikuwa baba wa mama yangu, na kwetu ni kijiji kimoja cha ndani huko Pemba, si mbali na Mtambile. Baba yangu alikufa mimi bado nikitambaa, Mama akarudi kwao na mimi mgongoni, na tangu hapo mwanamume niliyemjua nyumbani ni Babu. Asubuhi alisomesha watoto Kurani chuoni, barazani kwetu. Mara tano kwa siku aliadhini msikitini, na alikuwa akiadhini tangu Mama hajazaliwa. Na mtu mume akifa, awe wa kijiji chetu au cha pili, Babu ndiye aliyeitwa kumwosha. Hakuchukua kitu. Alirudi, akaoga, akala muhogo wake kimya.

Kuosha maiti kwetu kuna sharti lake. Ulichokiona kwenye mwili wa mtu hukitoi nje. Siku moja bwana mmoja alimbana barazani, akataka kujua kama kweli marehemu fulani alikuwa na kovu la kisu ubavuni. Babu akamjibu, "Nilimwosha, yakhe, sikumtazama."

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi, na alikuwa na mikarafuu yake kumi na kitu ambayo hakuthubutu kuipanda hata mmoja, kwa kuogopa kuanguka. Mpemba na mikarafuu yake! Alisimama chini akiwaelekeza wachumaji tawi kwa tawi mpaka wakachoka naye. Bibi yangu, aliyekufa zamani, alikuwa akimcheka kwa hilo, na nasi tuliendelea kumcheka.

Kikohozi changu kilianza msimu wa karafuu. Tulikuwa tukichambua, mikono imetushika rangi, nami nakohoa, na kila mtu akasema ni vumbi la vikonyo. Msimu ukaisha, vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Jioni mwili ulikuwa ukinipata moto. Asubuhi nilikuta kanga imelowa jasho chapachapa. Bangili zangu zikaanza kuvuka kiwiko nikiinua mkono, kisha zikawa zinanivuka kabisa, nikaziweka. Babu aliniandikia kombe, aya za Kurani kwenye sahani kwa zafarani, akalikosha kwa maji, nikanywa. Nilikunywa siku saba. Siku ya nane nilitema damu uani mbele ya Mama.

Mama alitaka tuongeze siku saba nyingine. Babu akakataa.

"Kombe n'meandika na dua n'mesoma," alisema. "Sasa twende hospitali. Alotupa dua ndiye alowapa watu dawa."

Tulipanda gari la Chake Chake asubuhi, tumebanana na magunia. Babu alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Hospitalini tuliketi kwenye benchi refu la ukumbini, na hapo ndipo nilipojifunza namna watu wanavyosogea. Hawakwambii kitu. Ukikohoa, mtu wa pembeni yako anarekebisha nguo yake, kisha anajisogeza kidogo, kisha yule wa pili naye anasogea. Kufika adhuhuri benchi lote lilikuwa letu wawili. Babu alijifanya hakuona. Alimsalimu kila aliyepita, wanaotujua na wasiotujua, na akiitikiwa alifurahi kama amekutana na ndugu.

Nilipigwa picha ya kifua. Nikapewa kikopo cha kutemea chenye kifuniko. Daktari akasema nitalala pale, nitachomwa sindano kila siku, na nikitoka nitameza vidonge zaidi ya mwaka. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa sijawahi kumeza kidonge hata kimoja maishani mwangu.

Nilichomwa sindano tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, miezi miwili na zaidi. Sitaeleza sana. Makalio yalivimba hata kukaa nikakaa upande. Kisha masikio yakaanza kuvuma, usiku na mchana, na nikisimama ukumbi ulikuwa ukinizunguka. Sikio la kushoto lilififia polepole na halikurudi tena mpaka leo. Kila Alhamisi Babu alikuja baada ya kufunga chuo. Nesi alimkataza asikae karibu, basi alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi, akinisimulia nani amehitimu Juzuu Amma, kuku yupi ametotoa. Nikamwambia sikio moja halisikii. Akazunguka akasimama upande wa lile linalosikia.

Nilipotolewa, daktari alisema nilale peke yangu penye hewa, na nisishirikiane vyombo na wengine mpaka atakaponiambia. Hayo mawili tu. Yaliyobaki tuliyaongeza wenyewe. Mjomba Salum, ndugu yake Mama, alinijengea kibanda kule shambani, katikati ya mikarafuu, mbali na nyumba kiasi cha mtu kuita mara mbili. Nikapewa bakuli la bati jeupe lenye mstari wa buluu ukingoni, kikombe, na kata yangu ya maji. Waliokuwa wameniposa hawakuja tena wala hawakusema kitu. Mama aliniletea chakula, akakiweka juu ya gogo, akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo akaniita. Sikumlaumu. Alikuwa akilia akirudi nyumbani, niliuona mgongo wake. Lakini nasema kweli, nilikuwa nikisubiri kwa hamu siku atakayosahau akanikaribia.

Kwetu watu hula sinia moja. Tangu utoto sikuwahi kula bila ya kugusana mikono na mtu. Sasa nilikuwa nalitazama bakuli lile na nasahau njaa. Nani alaye peke yake akashiba? Nilipungua zaidi kule shambani kuliko hospitalini. Kutwa sikumsikia mtu ila Babu akiadhini. Upepo ukiwa wa upande wetu, sauti yake ilinifikia vizuri kwenye sikio la kulia, na nikajua ni wakati gani, na kwamba yeye yupo.

Vidonge vilikuwa vikubwa, vichungu, na vingi. Daktari alisisitiza nivimeze mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara niwe nimekula. Nikiviacha, alisema, maradhi yatarudi na safari hiyo dawa hazitayaweza. Nilimsikia vizuri.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.

Ninajua leo, na nilijua hata wakati ule, kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Babu alinisomesha mwenyewe. Aliniambia waziwazi, "Weye huna saumu mwaka huu." Lakini kujua ni jambo moja. Mimi nilikuwa mjukuu wa Maalim Faki. Nilikuwa nimefunga tangu nina miaka minane. Nilikuwa nimekwisha tolewa katika nyumba, katika sinia, katika posa, na sasa nitolewe na katika Ramadhani? Nikaona hiki kimoja sikiachi. Mama alikuwa akiniletea uji mchana, ameufunika kwa aibu kana kwamba ni wa wizi. Nilingoja aondoke, nikaumwaga chini ya mkarafuu. Vidonge vya siku nzima nikavikusanya, nikavimeza vyote kwa mkupuo mmoja nikisha kufuturu. Nilifikiri ni hesabu ile ile. Nilivitapika vyote kila siku, na kila siku nikasema kesho vitakaa.

Siku ya tano nilitema damu tena. Siku ya sita Babu alinikuta nimelala mlangoni, damu kwenye kanga, na sisimizi wamejazana kwenye uji uliomwagwa. Alitazama chini, akanitazama mimi, akaelewa. Nilingoja anigombeze. Alikwenda zake nyumbani kwa mwendo wake wa taratibu, akarudi na uji wa moto, akaumimina katika bakuli langu, akaliweka mbele yangu.

"Kunywa, mjukuu wangu. Kisha umeze dawa."

"Siwezi, Babu."

"Una ruhusa."

"N'najua n'na ruhusa. Siwezi kula peke yangu mchana wa Ramadhani. Kijiji kizima kimefunga. Naona Mungu ananitazama mie tu."

Alikaa chini, si kwenye gogo, chini kwenye majani, mbele yangu. Alikuwa ameshapita miaka themanini na hakuwahi kula mchana wa Ramadhani hata kwa homa. Midomo yake ilikuwa ikicheza, nadhani alikuwa akiomba radhi. Kisha akalichukua bakuli langu kwa mikono miwili, bakuli ambalo Mama aliligusa kwa ncha za vidole, akasema bismillahi, akanywa funda tatu.

Nilipiga ukelele. "Babu! Saumu yako!"

Alifuta ndevu. "Sasa tunatazamwa wawili," akasema. "Haya, zamu yako."

Nilikunywa huku nalia. Nilimeza vidonge na havikutoka. Kisha nilimwambia amejitia dhambini kwa ajili yangu. Akatikisa kichwa.

"Mtu akizama, na alokuja kumtoa hana nguvu ila afungue saumu, afungue amtoe. Dhambi hana. Ana siku za kulipa tu, na mie bado n'na nguvu za kulipa. Ila Mize, hili lisitoke hapa."

"Kwa nini? Si umesema huna dhambi?"

"Mie sina. Lakini watu watataka kujua kwa nini, na n'kiwaambia, watajua kuwa ulikuwa unamwaga chakula na kujiua kwa mikono yako. Maiti n'nawasitiri. N'shindwe kukusitiri weye ulo hai?"

Basi tukala pamoja kila siku baada ya adhuhuri, siku zote zilizobaki. Bakuli moja. Alikuwa akila kidogo tu, funda mbili tatu, ili mradi mkono wangu usiwe peke yake. Naweza kusema, bila ya kuona haya, kwamba Ramadhani ile niliyokula ndiyo niliyomwona Mungu karibu zaidi.

Ilikuwa kama siku ya ishirini Bi Time alipopita kuokota kuni. Bi Time alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango, aliyenifunza kusuka ukili wa mikeka, na tangu niugue hajanifikia. Alitokeza kati ya mikarafuu na kumkuta Babu na bakuli mdomoni. Alisimama. Babu akamsalimu kama kawaida yake. Bi Time hakuitikia. Aliacha kuni zake pale pale akaondoka.

Keshokutwa yake adhuhuri nilisikia adhana na ile sauti haikuwa ya Babu. Ilikuwa nyembamba, ya mtu mwenye haraka. Nilijua amekufa. Nilisimama niende, na hapo nikamwona anakuja, kanzu yake safi, sufuria ya uji mkononi.

"Babu, sauti ile si yako."

"Wameniambia n'pumzike. N'mekuwa mzee." Akakaa. "Uji wa leo una maziwa."

Alikunywa funda zake. Alisahau kufuta ndevu, nikajifanya sikuona, kama yeye alivyojifanya kwenye lile benchi. Nilitaka kukimbia hadi msikitini niwaambie watu wote. Sikwenda. Sikuwa na nguvu, hilo ni kweli, lakini pia niliona haya. Nilijiambia amenikataza. Mpaka Idi inafika, wazee wawili walikuwa wamewatoa watoto wao chuoni, na Mama, ambaye Babu hakumwambia lolote, alikuwa hamtazami baba yake usoni. Nami niko kibandani, kimya, nanenepa.

Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Babu alianza kulipa. Alifunga siku nne. Ya tano alianguka kando ya kisima, na tangu hapo hakupata tena nguvu za kufunga. Masika ikapita, kipupwe kikapita. Alikuja shambani kwa mkongojo, akikaa nami bila ya kusema mengi. Kuadhini hakurudishwa wala hakuomba. Mara moja tu aliniambia, kama mtu aliyekumbuka kitu sokoni, "Zile siku zangu, Mize, naona ntakufa sijazilipa." Nikamwambia asiseme hivyo. Ningemwambia kitu bora zaidi lakini ndicho kilichonijia.

Alikufa vuli, asubuhi, mvua ikinyesha. Mama alinifuata mwenyewe. Safari hii hakusimama kwenye gogo, aliingia mpaka ndani ya kibanda akanishika mkono, na kwa mkono ule nilijua kabla hajasema.

Siasa wakati ule ilikuwa imeshawagawa watu, wapo waliokuwa hawazikani. Siku ile walikuja wa pande zote, maana hakukuwa na nyumba ambayo Babu hakuwahi kumwosha mtu wake. Lakini walikuja nusu nusu. Wanawake walikuwa chumbani, nami nimeketi pembeni mlangoni, peke yangu kwenye mkeka wangu, leso mdomoni, na nilimsikia mmoja akinong'ona, "Mungu amsamehe, mwishoni alitetereka." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimwombea.

Jeneza likatolewa uani. Kwetu, kabla maiti hajaondoka, mmoja wa jamaa husimama akauliza kama yuko anayemdai. Mjomba Salum alisimama akauliza, "Jamani, kama yupo anayemdai marehemu, kikubwa au kidogo, aje kwetu." Watu wakanyamaza kama inavyokuwa. Mjomba akainama kulishika jeneza.

Nilisimama nikafungua pazia. Mwanamke hasemi mbele ya jeneza na wanaume wamejipanga, na mwanamke mwenye maradhi yangu ndiyo kabisa. Sauti yangu ilitoka na kikohozi.

"Mungu anamdai," nilisema. "Anamdai Ramadhani. Alikula kwa ajili yangu. Nilikuwa namwaga chakula na dawa sizimezi ipasavyo, nakataa kula peke yangu, natema damu, akaja akala na mie katika bakuli langu ili n'ishi. Alinikataza nisiseme, akanisitiri. Nyie mkamnyamazisha adhana, na mie nikamwacha mkamnyamazisha. Deni hilo ni langu. Ntamlipia mie."

Mvua ilikuwa ikipiga makuti. Yule bwana aliyekuwa akiadhini badala yake alivua kofia akaitia mfukoni, akaivaa tena. Kisha Mjomba akasema, "Mmesikia," wakamnyanyua.

Mjomba alimwuliza sheikh. Sheikh akasema jamaa wa marehemu anaweza kumfungia. Lakini daktari wa Chake alinikataza nisifunge hata siku moja mpaka nimalize dawa. Ndipo yalipoanza majira marefu kuliko yote. Adhuhuri ilifika na hakuna aliyekuja. Niliweka bakuli mbele yangu, nikatazama majani pale alipokuwa akikaa, nikala. Ukiniuliza wewe mwenye maradhi haya nilipataje nguvu ya kumeza vidonge vile miezi mingine mingi peke yangu, jibu langu ndilo hilo. Sikuwa nameza ili niishi. Nilikuwa nameza ili nimalize dawa, nipate kufunga. Tafuta chako. Hata kikiwa kidogo, kitafute. Na wewe uliye mzima, usimpelekee mgonjwa chakula ukaondoka.

Picha ya mwisho ilikuwa safi. Daktari aliishika kwenye mwanga akanionyesha kovu, akasema hilo litabaki, naweza kurudi nyumbani, naweza kula na watu, naweza kufunga. Nilirudi kwa gari la Mtambile na sikuwa na wa kumwambia.

Sikuhamia nyumbani siku ile. Nilitaka siku ya kwanza ya Babu niifunge kule kule. Jua lilipokaribia kuzama nilipika uji kidogo, nikaumimina katika bakuli, nikaketi kwenye majani kusubiri adhana. Nikasikia mtu anakuja na sikugeuka, nilidhani ni Mama. Alikuwa Bi Time. Alikuwa amekonda naye. Alisimama pale pale alipoacha kuni zake.

"Umemfungia leo?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Time."

Alikaa chini mbele yangu, kwa shida, magoti yake yalikuwa mabovu. Hakuomba msamaha, na nadhani angeomba nisingeweza kuitikia. Adhana ikaanza. Sauti haikuwa ya Babu na haitakuwa tena. Nilimsogezea bakuli, kwa adabu tu, nikijua atasema ameshiba. Bi Time alilichukua kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa pale pale kwenye ukingo nilipokuwa nikinywea mimi, kisha akanirudishia.

"Haya, mwanangu," akasema. "Zamu yako."